Kichwa kikubwa na MRI yenye "mabawa ya popo": msiishie kwenye picha

Dada, pole sana. Umesema mwanao wa miezi 8 ana kichwa kikubwa kupita umri wake, ripoti ya MRI (picha ya ubongo ya mashine ya sumaku) imeandika ubongo umesinyaa pembeni, na mmeambiwa mrudie picha baada ya miezi 6. Binti yangu alianza hivyohivyo, tukaja kuambiwa ni glutariki asiduria aina ya 1. Sisemi wa kwako anayo. Ila msikae miezi yote hiyo bila vipimo.

Ni ugonjwa wa kurithi. Mwili unashindwa kuvunja laisini, kijenzi kimojawapo cha protini ya maziwa, nyama na maharage, na mabaki yake yanadhuru ubongo. Daktari wetu alifungua picha kwenye kompyuta, akazungusha kalamu usawa wa masikio: kulia na kushoto maji meupe yametanuka, umbo ambalo wao wenyewe huliita mabawa ya popo. Akasema mara nyingi sehemu hiyo ya ubongo haijafa, imechelewa kukua. Kisha akashuka katikati, kwenye viini vinavyoongoza mijongeo. Vilikuwa vizima, na kuvilinda ndiyo kazi yenyewe. Kwa mtoto mdogo, hasa kabla ya miaka 3, homa au kuharisha kunaweza kuviharibu ndani ya siku chache tu, akabaki amekakamaa au anajinyonganyonga bila kutaka.

Picha inatia shaka tu. Ombeni kipimo cha asidi za kikaboni (organic acids) kwenye mkojo na cha asilikanitini (acylcarnitine) kwenye damu, vinavyoonyesha mabaki hayo, hata kama sampuli itasafirishwa nje ya nchi kama yetu. Wapo watoto wenye ugonjwa huu ambao mkojo wao unaonekana safi. Shaka ikibaki, ipimwe jeni ya GCDH, ambayo hitilafu yake ndiyo huleta ugonjwa huu. Na ripoti ikitaja damu chini ya fuvu, msikubali haraka kwamba mtoto amepigwa au ametikiswa. Ugonjwa huu unaweza kuleta damu hiyo pia.

Jambo ambalo nasi tulichelewa kuambiwa: kwa MRI mtoto hulazwa kwa dawa, na kabla yake hali wala hanywi kwa saa kadhaa. Kwa mtoto wa namna hii njaa hiyo ni hatari, maana mwili ukikosa sukari unaanza kula protini yake wenyewe. Mwambieni daktari wa usingizi mapema apange dripu ya glukosi (sukari).

Akipata homa au akikataa kula, nendeni hospitali siku hiyohiyo na ripoti mkononi, mseme ugonjwa huu unashukiwa, bila kungoja picha nyingine. Maziwa usimpunguzie kwa kukisia. Hayo atayapanga mtaalamu wa lishe majibu yakitoka.