Nguvu za mwili kwenye simu: mbona grafu yangu imelala?

MASWALI YENU YA AFYA

Swali: Kwa miezi miwili sasa najaza kiwango changu cha nguvu kwenye programu ya afya, kila usiku kabla ya kulala, alama 1 hadi 5. Mchana darasani najiona nimekwisha kabisa, lakini grafu imenyooka kwenye 3 kama rula. Nakosea wapi? – *Mwalimu wa sekondari, Morogoro*

Jibu: Mwalimu, kosa la kwanza ni hiyo saa ya kujaza. Usiku mtu haikumbuki siku nzima. Anakumbuka saa zake za mwisho. Ukila vizuri ukapumzika, unaandika 3 na mchana mgumu unasahaulika.

La pili limo ndani ya programu yenyewe, nalo ni wastani. Aliyepata 4 asubuhi, 4 adhuhuri, 2 alasiri na 2 usiku huonyeshwa 3. Aliyekuwa na 3 kutwa nzima huonyeshwa 3 vilevile. Hali zao hazikaribiani hata kidogo, na dawa yake si moja.

Weka vikumbusho vinne: saa 2 asubuhi, saa 6 mchana, saa 9 alasiri na saa 2 usiku. Hapa wengi hukwama, kwa sababu simu huhesabu kuanzia usiku wa manane: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 9 alasiri ni 15:00, saa 2 usiku ni 20:00. Ukiandika 2:00 simu italia saa 8 usiku, na utakuwa umeuvuruga usingizi uleule unaohitaji. Wala usipime mara tu unapofumbua macho. Mang'amung'amu ya usingizi huchukua nusu saa, pengine saa nzima kuisha.

Kisha zipe namba maana isiyobadilika, kwa kazi zako mwenyewe. Kwa mwalimu ingekuwa hivi: 1, hata kuoga ni kazi, 2, nafanya la lazima tu, tena nimeketi, 3, namaliza kipindi kimoja nimesimama, halafu natafuta kiti, 4, vipindi viwili mfululizo bila shida, 5, narudi nyumbani na bado naweza kufua. Ziandike kwenye karatasi, zibandike nyuma ya simu. Bila hivyo, 3 ya Jumatatu haitakuwa 3 ya Ijumaa. Na usichanganye nguvu na furaha: mtu anaweza kuwa na huzuni akiwa na 4.

Pembeni ongeza mambo matatu tu: saa ulizolala, saa ya kikombe cha mwisho cha chai au kahawa, na kama unaumwa (kwa mwanamke, pia siku za hedhi). Wanaojaza vitu kumi na tano huchoka mapema wakaacha. Chai tumeitaja kwa makusudi. Nusu ya kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye chai na kahawa, hubaki mwilini kwa takriban saa 5, na kwa wengine zaidi, kwa hiyo kikombe cha chai ya rangi cha saa 11 jioni bado kinafanya kazi saa 4 usiku.

Siku 14 za kwanza usibadilishe chochote. Utakuwa na alama 56. Chukua wastani wa kila saa peke yake, alama za saa 9 na za saa 9 wenzake. Ukikuta alasiri imeshuka kidogo kuliko asubuhi, usishtuke: mwili hupungua kasi wakati huo hata kwa asiyekula mchana, na sahani kubwa ya ugali huongeza uchovu huo tu. Baada ya hapo badilisha jambo moja, mathalani chai ya jioni, kwa siku 14 nyingine. Tofauti isiyofika nusu alama sisi hatuihesabu.

Ukisahau kujaza, acha wazi. Kubuni alama za jana kunaharibu kazi yote. Ila kama hukujaza kwa sababu ulikuwa hoi, andika hivyo, maana siku mbaya ndizo zinazorukwa, na grafu ikazirembesha.

Swali: Kila nikiamka saa yangu janja hunipa alama ya nguvu 85 kati ya 100 ilhali mimi sijiwezi. Nimwamini nani? – *Mfanyabiashara, Mombasa*

Jibu: Jiamini wewe kwanza, dada. Alama kama Body Battery ya Garmin au Energy Score ya Samsung haipimi nguvu, inazikadiria. Saa humulika ngozi, ikasoma mapigo ya moyo na jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyotofautiana, ikachanganya na usingizi na mwendo wako. Haijui una damu kiasi gani wala kama umekula.

Hata hivyo hakikisha imevaliwa vizuri: upana wa kidole juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, isiteleze, isiache alama ya kina. Futa jasho chini yake. Ikizimika usiku, alama ya asubuhi haina msingi. Na dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, kama atenolol, hubadilisha usomaji huo. Usiziache kwa ajili ya saa.

Andika alama yako kabla ya kutazama ya saa, la sivyo itakuvuta.

Swali: Nafanya zamu za usiku. Programu inaukata usiku wangu vipande viwili. – *Muuguzi, Dodoma*

Jibu: Hesabu kutoka unapoamka: saa 1 baadaye, kisha ya 5, ya 9 na ya 13. Weka lebo ya “zamu ya usiku”, na usichanganye wastani wake na wa siku za mapumziko.

Swali: Shikamoo daktari. Wiki tatu alama zangu hazivuki 2, ingawa nalala kwa saa 8. Niendelee kujaza? – *Mwanafunzi wa chuo, Zanzibar*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nenda hospitali wiki hii, ukiwa na ukurasa mmoja: wastani wa kila saa, usingizi na hedhi. Omba wapime wingi wa damu na sukari. Mengine daktari ataamua. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Ukikutwa nao, tenga chai na mlo kwa saa moja au zaidi, kwani huzuia madini ya chuma ya maharage na mboga za majani yasifyonzwe.

Ukiwa na homa, kifua kikikubana, ukizimia au ukikosa pumzi umekaa, usingoje wiki. Nenda leo.