Kuondoka Desemba na kuiacha nyumba Arusha

Pole sana dada kwa mtungi wa gesi na nguo zilizoibwa kambani. Umeuliza ufanyeje, maana tarehe 20 Desemba mnapanda Rombo na nyumba ya Moshono inabaki tupu.

Kwanza karipoti kituo cha polisi upewe RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, hata kama mali ni ndogo. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, umuulize kuhusu ulinzi shirikishi (wakazi wanaolinda mtaa kwa kushirikiana na polisi) na namba ya polisi kata wenu, yaani askari wa kata yenu. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kuhusu safari, kinachowauza wengi ni kufuli la geti lililofungwa kwa nje. Anayepita anajua hamna mtu. Fungeni kwa ndani, na mtu mnayemwamini alale hapo. Taa ya nje nayo ikiwaka mchana kutwa siku ya tatu inasema yale yale. Sisi humwachia mama jirani funguo ya geti tu: jioni anawasha taa, asubuhi anazima, anaanika kanga mbili tatu na kufagia majani mlangoni. Yeye akienda Machame, zamu ni yetu. Naiamini njia hii kuliko mbwa. Picha za safari wekeni mkisharudi.

Usiku ukisikia vishindo, usitoke peke yako. Washa taa, piga filimbi, pigia majirani. Na tafadhali, mwizi akikamatwa msimpige. Mwiteni polisi kata, akabidhiwe akiwa mzima.