Michembe na nsansa za mama mkwe, niache?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Dar, mama mkwe yupo Shinyanga na kila akipata mtu wa kuja huku lazima atume mfuko, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa), nsansa (majani ya kunde makavu), dagaa wa ziwani. Sasa jirani ananiambia vikishakauka havina kitu tena, mtoto nimpe vya freshi tu. Halafu mume ana presha na anapenda ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) balaa. Niache vyote?
Mama Junior, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache! Jirani ana ukweli kidogo tu, vitamini C nyingi inapotea kwenye kukausha na vitamini A ya majani inaharibika jua likiyapiga moja kwa moja, lakini protini, madini ya chuma na kalisiamu haviondoki na maji, vinabaki humohumo. Hiyo C mpe mtoto kwa chungwa au embe pamoja na mlo, tena inausaidia mwili kufyonza chuma cha kwenye nsansa.

Muombe mama kwa heshima, majani ya kunde ayachemshe kidogo kwanza halafu aanike kivulini penye upepo, sio juani. Na michembe ya viazi vyeupe vitamini A haina tangu shambani, akipata viazi lishe vile vya rangi ya chungwa ndo akaushe hivyo. Wewe ukipika nsansa weka karanga kama wanavyopika kwao, mafuta yake ndo yanaiingiza vitamini A mwilini.

Dagaa uliza wameanikwa wapi maana wa mchangani wanakuja na uchafu, wa kwenye chanja ndo wa kutafuta. Osha vizuri, kaanga wakauke, saga na vichwa na mifupa yote (kalisiamu iko hapo), chekecha, tia kijiko kwenye uji wa Junior.

Chochote chenye ukungu tupa, hasa karanga na unga, usioshe wala usianike upya, sumukuvu, sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kuchemsha jamani.

Ng'onda ndo shughuli. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na ng'onda imejaa chumvi. Iwe mara mojamoja sana, roweka, mwaga maji, roweka tena, pika na nazi na ndimu bila kuongeza chumvi, na kiungo cha mchemraba usiweke kabisa. Ila presha yake ikiwa bado inapanda, asiile mpaka daktari wake aseme.