Maswali yenu: skrini ya kwanza ni ya bosi au ya muuzaji?

Wiki hii inboksi imejaa, na karibu maswali yote yanazunguka kitu kimoja, skrini za mifumo ya wateja na mauzo, ile ofisini tunaiita CRM tu. Mi riziki yangu ndo hiyo, nachora skrini za watu wa mauzo, kwa hiyo nimechagua yale ninayoyaweza na mengine nimeyafupisha, msinune.

Kaka habari. Nachora CRM ya kampuni inayosambaza vinywaji hapa Dar. Meneja anataka ukifungua tu ukutane na dashibodi ya grafu 9. Watu wa mauzo hawaigusi, wanafungua saa 11 jioni, wanajaza harakaharaka wanaondoka. Nifanyeje? (Msomaji, Tabata)

Pole ndugu yangu, na hiyo saa 11 jioni ndo jibu lenyewe. Mfumo unaofunguliwa jioni ni ripoti ya bosi, mtu anaujaza kama anavyosaini daftari la mahudhurio. Grafu zinamwonyesha meneja mwezi unaendaje, sawa, anazihitaji, ila muuzaji aliyesimama Mbagala saa 3 asubuhi jua linaanza kuchoma anataka kujua sasa naenda kwa nani, huyu tuliachana naye wapi, na tunamdai shilingi ngapi. Basi.

Nilishakaa siku nzima na dada mmoja Kariakoo anauza vipodozi kwa jumla. Ofisini kwao kompyuta ipo na mfumo upo, yeye ana kauntabuku. Ukurasa wa kushoto majina ya leo, kama 20 hivi, wa kulia kaugawa kwa rula sehemu tatu: aliyepokea simu, aliyeahidi, aliyelipa. Akimalizana na mtu anampiga mstari. Aliyesema "nitafute Jumatano" anafunua kurasa mbele mpaka Jumatano, anaandika jina na pembeni neno moja la kujikumbusha, afu anarudi leo anaendelea. Nikamuuliza mbona hutumii mfumo, akaniambia ule ni wa ofisi, hili ndo langu. Nilitoka pale na picha za hilo daftari, na kusema kweli zilinisaidia kuliko mkutano wowote niliokaa na wakubwa.

Sasa ichukue hiyo uiweke kwenye kioo. Kushoto listi ya leo ikiwa imeshapangwa, asipange yeye. Katikati kadi ya mteja mmoja tu: juu jina, namba na deni, chini yake mambo matatu ya mwisho mliyoongea, sio historia yote tangu kampuni ianze. Kitufe cha kupiga simu kiwe kikubwa. Akikata simu mfumo umuulize swali moja, imekuwaje? Na majibu yawe ya kubonyeza: kalipa, kaahidi, hajapokea, hataki. Akigusa kaahidi aulizwe lini, afu mteja atoke kwenye listi ya leo aende siku yake, kama ule ukurasa wa Jumatano. Bosi wako akikubishia mwambie hata Microsoft kwenye Dynamics 365 Sales, mfumo wao wa mauzo, wana skrini ya namna hiyo, listi ya kazi upande wa kushoto na kinachofuata kipo kwenye kadi ya mteja. Ukimtajia Microsoft atakuelewa haraka kuliko ukimtajia kauntabuku, nawajua mabosi mimi.

Grafu 9 usizitupe. Meneja akiingia na jina lake azikute hukohuko kwake, muuzaji mwachie namba moja tu pale juu, tageti ya mwezi na alipofikia.

Shikamoo. Fomu yetu ya kusajili mteja ina sehemu 22 na zote ni lazima, ikiwemo barua pepe. Data imejaa takataka. Tuongeze ukaguzi? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba mdogo wangu. Ukiongeza ukaguzi utapata takataka iliyokaguliwa, ndo tofauti pekee.

Niliwahi kusafisha data za kampuni moja, siitaji, nikakuta mamia ya wenye maduka wana barua pepe ya aina moja, a@a.com, na wengine wamepewa ya muuzaji mwenyewe. Hakuna aliyekuwa muongo pale. Mama mwenye genge hana barua pepe, fomu inasema bila barua pepe hupiti, muuzaji ana wateja wengine 15 wa kutembelea, we ulitaka afanye nini? Sehemu ya lazima iwe ile ambayo bila hiyo kazi haiendi kabisa: jina analojulikana nalo, namba ya simu, na mahali. Na mahali usidai mtaa na namba ya nyumba peke yake, weka nafasi ya kuandika "nyuma ya msikiti, geti la bluu", maana hivyo ndo watu wanavyofika. Zile nyingine 19 ziombwe kidogokidogo, siku anayotaka mkopo ndo unamuomba TIN, na siku hiyo atakupa mwenyewe bila kusukumwa.

Kitu kingine, namba ya simu. Mteja yuleyule anaandikwa 0712 huku, 255712 kule, na +255 712 yenye nafasi katikati, mfumo unahesabu watu watatu na wauzaji watatu wanagombania kamisheni. Mwache mtu aandike anavyotaka, wewe ndani ibadilishe yote iwe ya mtindo mmoja, na akishaandika tu namba mwonyeshe hapohapo kwamba "huyu tunaye tayari", kabla hajajaza mengine. Usitafute kwa jina. Kina Mama Asha mjini ni wengi mno. Na ruhusu namba zaidi ya moja kwa mtu mmoja, mwenye duka ana laini ya kupigia, ana laini ya kupokelea pesa, na ya kijana wake anayekaa kaunta.

Wauzaji wanalalamika alarm za kukumbusha miadi zinalia usiku wa manane. Tumekagua seva, saa iko sawa. (Msomaji, Morogoro)

Hahaha, hii naijua, na seva haina kosa. Mtu kaambiwa na mteja "njoo saa 2", kafungua saa ya kuchagua, kachagua 2, simu ikaweka 02:00, na saa 8 usiku ikalia. Sisi tunahesabu kuanzia kunakucha, mashine inaanzia usiku wa manane, tofauti saa 6, kila siku ya Mungu. Kwenye kuchagua usiweke namba tupu, weka asubuhi, mchana, jioni kwanza, afu saa zake kwa Kiswahili na pembeni ile ya mashine kwa maandishi madogo: Saa 2 asubuhi, 08:00. Ndani hifadhi 08:00. Na mtu akichagua muda ulioangukia usiku wa manane muulize, una uhakika? Mfumo wa mauzo ya sabuni hauna biashara na saa 8 usiku.

Bora ubao wa kadi unazoburuta au listi ya kawaida? Wenzangu wote wanataka ubao. (Msomaji, Arusha)

Inategemea unauza nini. Ubao wa kadi, yaani safu za hatua na kila dili ni kadi unayoisogeza, asili yake ni viwanda vya Toyota kule Japani, kwenye mauzo Pipedrive, kampuni ya CRM iliyoanzia Estonia mwaka 2010, ni mojawapo ya walioupa umaarufu sana, na kwa dili kubwa chache ni mtamu kweli. Unauza sola kwa hoteli, una dili 25, kila moja inatembea kutoka mazungumzo hadi bei hadi mkataba, unaona kwa jicho moja ipi imekwama. Ila msambazaji wa unga mwenye maduka 400 yanayonunua kila wiki hana dili za kutembeza, ana mzunguko. Kumwekea kadi 400 ni kumkomoa, huyo mpe listi ya njia ya leo, duka baada ya duka. Na kwenye simu ubao unaonyesha safu moja kwa wakati, kwa hiyo ule utamu wote wa kuona kwa jicho moja umeshakufa, umebakiwa na kuburuta kadi kwa kidole gumba ndani ya daladala. Mi kwenye simu naweka listi tu, hatua naiandika kwenye kila mstari.

Lugha bro. Boss anataka kila kitu kiwe Kiswahili, developers wanasema watu wa sales wanaelewa Kizungu. Wewe unasemaje? (Msomaji, Nairobi)

Nasema wote wawili wanaulizana swali lisilo lenyewe. Swali ni wauzaji wenu wakiwa peke yao wanaitaje hicho kitu? Mfano mzuri ni neno akaunti. Kwenye CRM maana yake ni kampuni mteja, ukiweka kitufe "Fungua Akaunti" muuzaji anadhani ni mambo ya benki, na nimeona kwa macho yangu mtu kaenda kujaza namba yake ya benki hapo. Andika Mteja Mpya, imeisha. Vivyo hivyo wale wanaoandika "fursa" badala ya dili, hakuna muuzaji anamwambia mwenzake leo nimefunga fursa mbili, anasema dili, basi kitufe kisome dili. Tageti ni tageti. Lakini Hifadhi, Tuma, Tafuta, Futa, haya ni ya Kiswahili na watu wameshayazoea kwenye simu zao.

Angalizo dogo la kiufundi: usiunge sentensi vipandevipande kwenye code ya programu, namba afu neno "mpya". Mteja mpya ni sawa, wateja wapya, dili jipya, simu mpya, oda mpya, ngeli itakuumbua. Andika sentensi nzima kwa kila kitu.

Vijana wangu wako vijijini, mtandao unakata na juani hawaoni kioo. (Msomaji, Kigoma)

Mtandao kwanza. Kila anachobonyeza kihifadhiwe kwenye simu papo hapo, na umwambie kwa maneno: "Ipo kwenye simu yako, itaenda mtandao ukirudi." Kile kiduara kinachozunguka bila kusema kitu ndo adui. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo, aliliandika hili 1993, kwamba hadi sekunde 1 mtu mawazo yake hayakatiki, ikifika 10 ameshahamia kwenye jambo lingine, na huko kwenu jambo lingine ni kalamu na karatasi. Pia weka pale juu idadi ya vitu ambavyo bado havijatumwa, 3 au 7, watu wanaiangalia ile namba kama salio la vocha.

Jua: achana na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, wabunifu tunayapenda kwa sababu tunakaa kwenye kiyoyozi. Kanuni za WCAG, zile za kimataifa za kufanya tovuti zitumike na kila mtu hata asiyeona vizuri, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1, wewe pita hapo, nenda nyeusi kabisa. Vitufe, Google wanashauri visipungue 48dp (dp ni kipimo cha vitu kwenye kioo), karibu milimita 9, na mtu wa pikipiki ana glovu na vumbi kwa hiyo ongeza. Na deni usilionyeshe kwa rangi nyekundu peke yake, wapo wasioitofautisha na kijani, wanaume hasa, andika neno ANADAIWA.

Tumemaliza mfumo mpya, mzuri kuliko wa zamani, lakini watu hawautaki. Tuzime wa zamani kwa nguvu? (Msomaji, Mombasa)

Msizime bado. Salesforce, kampuni kubwa ya CRM, walipotoa muonekano wao mpya, Lightning, mwaka 2015 waliacha watu warudi kwenye ule wa zamani kwa kubonyeza tu, na wapo waliobaki nao miaka. Kama kampuni ya ukubwa ule ilibembeleza, nyie wa watumiaji 40 bembelezeni. Acheni kitufe cha kurudi, ila kila mtu anapokibonyeza mjue alikuwa kwenye skrini gani, hapo ndo kuna shida. Mara nyingi utakuta ni kitu kimoja kidogo mlichokihamisha, labda deni lilikuwa juu kulia na sasa limefichwa kwenye tabo ya tatu, na mtu alikuwa analisoma bila hata kuangalia, mkono unaenda wenyewe. Lirudisheni.

Na siku ya kuzima ikifika, tafadhali isiwe tarehe 28. Hapo watu wanafukuzia tageti, mtatukanwa mpaka na walinzi. Chagueni tarehe 4 au 5, kamisheni imeshalipwa na watu wana moyo wa kusikiliza.