Gift: neno la kuliogopa mapema

Ninyi mnaoanza kazi ya kutafsiri, neno gift mlijue mapema. Kwa Kiingereza ni zawadi. Kwa Kijerumani ni sumu. Kwa Kiswidi ni sumu pia, na vilevile ni mtu aliyeoa au aliyeolewa.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipewa barua ya zamani ya Kijerumani, ya mambo ya urithi, yenye neno Mitgift. Nikalikata vipande viwili, nikaandika "pamoja na sumu". Mhariri aliikamata kabla haijamfikia mwenyewe. Mitgift ni mali anayopewa binti na wazazi wake aende nayo kwa mume. Mimi nilikuwa karibu kuiambia familia ya watu kwamba marehemu wao aliuawa. Wala msiandike "mahari", kwa sababu mahari hutoka upande wa mwanamume.

Tangu hapo neno linalonitia shaka nalifuata hadi kwenye shina lake. Gift zote hizi zimetokana na kutoa, kwa Kijerumani geben. Ndoa ya Waswidi imo humo: binti alitolewa na kwao. Sumu nayo ilifikaje? Wagiriki waliita kipimo cha dawa dosis, maana yake kutoa. Kilatini kikalichukua, Wajerumani wakalitafsiri kwa neno lao wenyewe la kutoa, na kidogo kidogo kipimo cha dawa kikawa kitu cha kuua. Dosis hiyohiyo tunayo: ilitufikia kupitia Kiingereza, ndiyo dozi anayohimizwa mgonjwa aimalize. Na sisi sumu ya panya tunaiita dawa ya panya, kwa hiyo njia hiyo si ngeni kwetu. Wafaransa nao walipitia njia ya jirani na hiyo: poison yao, yaani sumu, ilizaliwa na neno la Kilatini potio, kinywaji.

Mkiwa kazini, tazameni neno limekaa wapi. Kwenye fomu ya Kiswidi, penye hali ya ndoa, mtakuta gift na ogift, yaani ana ndoa na hana. Kwa Kiholanzi herufi moja inatosha: gift ni zawadi, gif ni sumu. Kwa Kijerumani fungueni kamusi ya ndugu wawili Grimm, iliyoanzwa 1838 na kukamilika 1961, wao wakiwa wamekufa zamani. Inasomwa bure kwenye intaneti. Anzeni na Gift, someni ukurasa mzima.