Wasifu wa Baba ulimpunja

Mmetuuliza wiki hii: ni marehemu gani unayemfahamu ambaye wasifu uliosomwa siku ya mazishi yake ulimpunja? Najibu bila kusita kwamba ni baba yangu mzazi, meja mstaafu wa Jeshi la Wananchi, tuliyemzika kwenye kihamba chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, huku Kibosho, Moshi.

Kilichosomwa kilikuwa kweli tupu, sina ugomvi nacho. Afisa aliyetumwa na jeshi alitaja mwaka wa kujiunga, kozi ya uofisa Monduli, vyeo kimoja baada ya kingine, vituo vya kazi, na Vita vya Kagera. Kisha mwishoni kabisa ikaja sentensi moja: marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu. Basi. Ukisikiliza utadhani alikuwa askari mpaka siku ya kustaafu, halafu ndipo akawa mume na baba. Sisi tuliokaa naye nyumba moja hatukuwahi kuona pale askari alipoishia na baba alipoanzia.

Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, Baba alikuwa luteni kijana mwenye mke na mtoto mchanga, ambaye ni kaka yangu mkubwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na Mama akabaki kijijini kwa wakwe zake. Machi 1979, Baba akiwa kwenye majimaji ya Lukaya, kule Uganda, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi mjini kupanga uongozi wa nchi yao baada ya Amin. Majirani walimwambia Mama afurahi, vita inakwisha. Yeye hakufurahi hata kidogo mpaka barua ya Baba ilipofika, baada ya Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili.

Mapigano yenyewe Baba hakupenda kuyasimulia. Alichotusimulia mara kwa mara ni utaratibu wa chakula: afisa hali mpaka askari wake wote wamepata. Alirudi na utaratibu huo nyumbani. Kwa wanaume wa rika lake, baba ndiye anayepakuliwa kwanza, tena minofu. Kwetu tulianza watoto, kisha Mama, naye akala kilichobaki. Kumbukeni hiyo ilikuwa miaka ya unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, sukari na sabuni vya kupanga foleni. Kuna jioni sufuria ilimfikia imebaki ukoko. Shangazi zangu walimsema sana, wakadhani Mama ndiye anayemnyima. Aliwaacha waseme, na siku iliyofuata akala mwisho vilevile.

Lakini jambo ambalo lilinikera zaidi kutosikia likisomwa ni la mfongo. Kwa msomaji asiye wa huku, mfongo ni mfereji unaochepusha maji ya mto kutoka juu mlimani na kuyashusha hadi kwenye vihamba. Wazee wetu waliichimba kabla Wazungu hawajafika, na kila boma lina zamu yake ya maji. Zamu ndiyo chanzo cha ugomvi, hasa miezi ya kiangazi. Anayepewa usiku wa manane hupanda na tochi hadi kwenye banio, yaani mlango wa maji, afungue, kisha akeshe akilinda, maana wa juu yake akipitiwa na tamaa atayafunga. Baba alipostaafu na kurudi kijijini, wazee walimpa usimamizi wa zamu. Alichoona haraka ni kwamba wajane na vikongwe ndio waliosukumiwa usiku, kwa kuwa hawana wa kuwasemea, na wengi walikuwa wameacha kabisa kwenda. Migomba yao ilionyesha wazi.

Hakuita mkutano wa kulaumu mtu. Aliipanga orodha upya kama mtu anavyopanga malindo kambini, akawaweka wajane mchana, na lindo la saa nane usiku akaliandika jina lake. Vijana wenye nguvu walipotaka kulalamika wakakuta mzee mwenye nywele nyeupe, mwenye pensheni na heshima yake, amejipa zamu mbaya kuliko zote. Nani angesema neno? Alipanda na buti zake kuukuu miaka yote mpaka magoti yalipokataa. Hapo kaka yangu aliyekuwa akiishi nyumbani akaichukua zamu ile. Haikurudi kwa mjane.

Kila Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, alikuwa hayupo nyumbani. Alikwenda kuitembelea familia ya askari wa platuni yake aliyezikwa kwenye makaburi ya mashujaa wa vita Kaboya, kule Muleba. Alipeleka kahawa, akauliza watoto wamefika darasa gani, akarudi. Sisi tulichukulia kuwa ni safari ya kawaida ya kila Julai, kama ya kwenda kwa ndugu.

Na hili la mwisho lilisemwa sana kijijini. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Mama alikuwa amelazwa, na mama mkwe alikuwa mbali. Mwanamke aliyejifungua kukosa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ni jambo lisilofikirika kwetu. Baba aliingia jikoni. Alijipaka mafuta mikononi kuzuia utomvu, akamenya ndizi mshare, akachemsha na nyama ya mifupa, akaziponda na mwiko mpaka zikalainika, akaniletea kitandani bakuli lenye moto. Mwanaume wa Kichagga, tena mkubwa wa jeshi, anampikia aliyejifungua! Jirani mmoja alikuja kumshauri kwa upole amtafute binti wa kazi. Baba akamjibu kwamba kwenye kombania mgonjwa hupikiwa na aliye mzima, akamkaribisha kiti na yeye akapata bakuli lake.

Nilipopata wa pili, Baba alikuwa hawezi tena kusimama muda mrefu. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akatoa maelekezo, na aliyemenya ndizi ni mume wangu.