Jibu: Kahawa na usingizi kati ya Tabora na Kigoma

Ndugu yangu, umeuliza kama kahawa pekee inatosha kukufikisha Kigoma kutoka Tabora bila kusinzia kwenye usukani. Haitoshi, kwa kuwa kafeini huchukua takriban dakika 30 kufanya kazi sawasawa, wala haifidii usingizi ulioukosa jana. Mimi hunywa kikombe kimoja nikifika Kaliua, mji ulio njiani, kisha hulaza kiti na kulala dakika 15 hadi 20, gari likiwa limeegeshwa mahali salama, ili niamke kahawa ikiwa imeanza kunichangamsha. Kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio ni kujidanganya tu. Epuka pia kuendesha kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwani mwili wenyewe hudai usingizi. Na ukigundua hukumbuki ulivyovuka daraja la Malagarasi, egesha mara moja.